Jina Lisilo Lake

Ewe msomaji, hapana shaka umewahi kuulizwa jina la kitu usichokijua. Labda ulikuwa njiani pamoja na ndugu yako mdogo, akakuonyesha ndege juu ya mti au mdudu ukutani, akasema, "Huyu ni nani?" Ukamtazama mdogo wako, ukaona jinsi anavyokutumainia, nawe ukaona haya kusema kwamba hujui. Basi ukataja jina la kwanza lililokujia kinywani, naye akaenda zake ameridhika. Utasema kwamba kosa hilo ni dogo, wala halikumdhuru mtu. Mimi nami nilidhani hivyo, mpaka siku nilipomwita mnyama kwa jina lisilo lake, na jina lile likawa sababu ya kifo chake. Habari hii hainiletei sifa. Nakusimulia kwa kuwa wewe sasa uko katika umri wa kukusanya maarifa mengi kwa haraka, na mwenye kukusanya kwa haraka ndiye aliye karibu zaidi na kosa kama langu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Machakos, upande wa vilima vya Iveti. Nchi yetu ni ya miteremko na udongo mwekundu, na mvua zake si za kutumainiwa sana. Kwa ajili hiyo wakulima wa Ukambani wamejifunza kwa miaka mingi kuchimba matuta kukingama mteremko, wakiutupa udongo upande wa juu ili maji yasiuchukue. Nao huyaita matuta ya "fanya juu". Shule yetu pia ina bustani yenye matuta matatu ya namna hiyo. Humo tunapanda sukuma wiki, kunde na maharagwe, na kila darasa lina sehemu yake ya kulima.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba, mwaka 2018, wakati mvua za vuli zilipokuwa zikikaribia. Nilikuwa na umri wa miaka 29, na cheti changu cha chuo cha ualimu nilikuwa nacho tangu miaka michache tu iliyopita. Nilijiona mwalimu kamili. Siku hiyo niliwaongoza watoto wa darasa la sita bustanini, tukaanza kulainisha udongo na kuondoa takataka za msimu uliopita. Pembeni mwa tuta la chini palikuwa na gogo kuukuu lililooza, ambalo nusu yake ilikuwa imeliwa na mchwa. Wavulana wawili wakalipindua.

Mara wakaruka nyuma na kupiga kelele, "Nzoka! Nzoka!" Neno hilo, msomaji, ndilo nyoka kwa Kikamba. Majembe matatu yakainuliwa kwa pamoja. Nikapiga ukelele wa kuwazuia, nikasogea, nikatazama. Juu ya udongo uliofunuliwa alikuwako mnyama mwembamba, urefu wake kama shibiri moja ndogo, rangi yake kahawia iliyong'aa kama mti uliopakwa mafuta. Alikuwa akijinyonga huku na huku kwa nguvu, kama mnyoo uliotiwa chumvi. Nilipoinama nikaona kwamba alikuwa na miguu minne, lakini midogo kabisa, nayo ameilaza ubavuni mwake kana kwamba haina kazi.

Wakati huo mpishi wa shule yetu, mama mzee ambaye sote twamwita Susu, yaani nyanya, alikuwa amekwisha fika na mwiko mkononi. Akasema, "Mwalimu, mwue huyo. Tangu utoto wangu nasikia kwamba akimwuma mtu, mtu huyo hapoi." Nikamjibu kwa heshima, "La, Susu, tumwache kwanza tumjue ni nani." Neno hilo lilikuwa jema. Laiti ningalilifuata mwenyewe!

Nilimtega yule mnyama kwa kopo, nikamtia katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana, tukarudi darasani. Katika kabati letu la vitabu palikuwa na kitabu cha Kiingereza cha habari za wanyama, kikuukuu, kilichochapwa Uingereza kwa ajili ya watoto wa huko. Nikakifungua mbele ya darasa. Kurasa chache tu, nikaona picha ya mnyama mwembamba, rangi ya kahawia, mwenye mkia mrefu na miguu minne midogo. Chini yake paliandikwa jina ambalo, tukiliandika kwa matamshi yetu, ni nyuti. Moyo wangu ukafurahi, maana jina hilo nilikuwa nimelisikia chuoni. Tulifundishwa kwamba amfibia, yaani wanyama waishio nusu ya maisha majini na nusu nchi kavu, ni vyura, salamanda na nyuti. Chura nilikuwa nimemwona mara nyingi. Nyuti sikuwa nimemwona hata siku moja. Sasa, nikafikiri, nimempata katika bustani yangu mwenyewe!

Nikachukua chaki, nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: NYUTI, MNYAMA WA JAMII YA AMFIBIA. Watoto wakaandika katika madaftari yao. Ndipo msichana mmoja, mtoto mpole aliyekaa karibu na dirisha, akainua mkono. Alikuwa ameishika chupa muda mrefu kuliko wengine wote. Akasimama, akasema, "Samahani, Mwalimu. Ulitufundisha kwamba ngozi ya amfibia ni laini na ina majimaji. Mbona huyu ni mkavu? Tena ana magamba madogo madogo, kama samaki."

Swali hilo, msomaji, lilikuwa na elimu zaidi ya yote niliyokuwa nimeandika ubaoni. Nilipaswa kuiomba chupa ile nitazame tena. Badala yake niliona haya, na haya ikageuka ikawa hasira. Nikainua kitabu juu, nikasema, "Je, wewe unajua kuliko kitabu?" Darasa likacheka. Msichana akaketi, akainamisha kichwa, wala hakuinua mkono tena siku ile.

Kosa halikuishia hapo. Kitabu kilieleza kwamba nyuti hupenda madimbwi, na kwamba huzaa mayai majini. Mimi, kwa kutaka kumtunza mnyama wangu vizuri, nikatwaa karai la bati, nikalijaza maji hadi nusu, nikatia majani machache, nikamwachia humo. Akaogelea kwa kujinyonga, nasi tukasema, "Tazameni anavyofurahi!" Jioni nikafunika karai kwa wavu, nikafunga mlango, nikaenda nyumbani.

Asubuhi tulimkuta amekufa. Alikuwa akielea, tumbo lake jeupe limeelekea juu. Kuta za karai zilikuwa laini na za kuteleza, wala hapakuwa na jiwe wala kijiti cha kupandia. Alikuwa ameogelea usiku mzima akitafuta nchi kavu, mpaka nguvu zikamwishia. Watoto walisimama kimya kulizunguka karai. Yule msichana alinitazama mara moja tu, kisha akatazama pembeni. Hakusema neno, wala haikuwa lazima aseme.

Siku hiyo, baada ya masomo, nilibaki peke yangu. Nilimtoa mnyama majini, nikamlaza juu ya karatasi nyeupe, nikachukua kioo cha kukuzia, nikafanya kazi ambayo ningalipaswa kuifanya siku iliyotangulia. Nakuomba ufuatane nami hatua kwa hatua, maana alama nilizoziona zitakufaa siku utakapokutana na mnyama wa namna hii.

Kwanza nilitazama ngozi. Mwili wote, toka pua hadi mkia, ulikuwa umefunikwa kwa magamba laini yaliyopandana kama vigae vya paa la nyumba. Nyuti hana gamba hata moja. Ngozi yake ni tupu, nayo hupitisha maji na hewa. Kwa hiyo hana budi kukaa penye unyevu, na akiachwa juani hukauka na kufa. Magamba ni vazi la watambaazi, yaani nyoka, mijusi, kobe na mamba. Vazi hilo huuzuia unyevu wa mwili usitoke, na ndiyo maana mijusi huweza kuishi katika nchi kavu kama yetu.

Pili nilitazama miguu. Kila mguu, ingawa ulikuwa mdogo, ulikuwa na vidole vitano, na kila kidole kilikuwa na ukucha wake. Nyuti ana vidole laini visivyo na kucha, tena katika miguu ya mbele ana vinne tu.

Tatu nilitazama kichwa. Nyuma ya jicho, kila upande, palikuwa na tundu dogo. Hilo ni sikio. Mijusi wengi wana tundu la sikio lililo wazi, nyuti hana.

Alama tatu, na zote tatu zilisema neno moja: huyu ni mjusi. Naye yule mtoto alikuwa ameiona ya kwanza kwa macho yake matupu, bila kioo cha kukuzia, kwa kuwa alitazama mnyama wakati mimi nikitazama kitabu.

Hata hivyo mijusi ni wengi. Yuko yule wa ukutani anayekula mbu penye taa usiku, ambaye Waswahili humwita mjusi kafiri. Wako kenge na kinyonga. Wako na wengine wengi. Huyu wangu alikuwa nani? Nikamtia katika spiriti ili asioze, na Jumamosi moja nikasafiri kwenda Nairobi kutafuta kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya nchi yetu. Nikakipata: ni kitabu cha watambaazi wa Afrika Mashariki kilichotungwa na Stephen Spawls na wenzake watatu, na kuchapwa mwaka 2002. Humo nikamwona mnyama wangu, na safari hii sikuridhika na picha. Nilisoma alama moja moja, nikalinganisha.

Yeye ni wa ukoo mkubwa wa mijusi laini ambao wataalamu huuita skinki, na jina lake la kitaalamu ni Mochlus sundevallii. Alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1849 na Andrew Smith, daktari wa jeshi kutoka Skotlandi aliyechunguza wanyama wa kusini mwa Afrika. Naye akampa jina kwa heshima ya Carl Jakob Sundevall, mtaalamu wa wanyama wa Uswidi. Lakini sifa za mnyama ni bora kuliko jina lake. Hukaa chini ya magogo, chini ya majani yaliyooza, na ndani ya vichuguu. Hujipenyeza katika udongo tifutifu kama samaki majini. Kwa hiyo miguu mirefu ingalimzuia tu. Akishtuliwa huilaza miguu yake ubavuni na kujinyonga kama nyoka, ndiyo sababu watu humwogopa. Akikamatwa huweza kuukata mkia wake mwenyewe, akauacha ukirukaruka mbele ya adui naye akakimbia. Baadaye mkia mwingine huota. Hutaga mayai yake nchi kavu. Hana sumu. Tena, ewe mwana wa mkulima, sikia chakula chake: wadudu, na hasa mchwa. Yule niliyemzamisha alikuwa akilinda bustani yangu.

Baada ya hapo nikataka kujua habari za huyo nyuti mwenyewe, kwa nini sikuwahi kumwona. Hapo nikapata somo lililonishangaza zaidi. Nyuti wako Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Katika bara letu wako pembeni tu mwa kaskazini, katika Moroko, Aljeria na Tunisia. Kusini mwa jangwa la Sahara hakuna nyuti wa asili hata mmoja, wala salamanda yeyote wa ukoo wao, ingawa duniani salamanda na nyuti ni aina zaidi ya 700. Ndiyo maana Kiswahili hakikumpa nyuti jina: watu hawampi jina mnyama ambaye babu zao hawakumwona. Kama ningalijiuliza swali moja tu, "Je, mnyama huyu hupatikana nchi hii?" nisingalikosea kamwe. Kitabu changu cha kabatini hakikusema uongo. Kilisema kweli kuhusu madimbwi ya Uingereza, nami nikaichukua kweli hiyo nikaiweka Machakos, ambapo si kweli.

Usidhani, msomaji, kwamba nchi yetu ni maskini kwa kumkosa nyuti. Chuoni nilikuwa nimefundishwa habari za vyura na salamanda, lakini sikumbuki kufundishwa kundi la tatu la amfibia, nalo ndilo tulilo nalo sisi. Katika vilima vya Taita, njiani kuelekea Mombasa, wako wanyama wasio na miguu kabisa, wenye mfano wa mnyoo mkubwa, ambao huitwa sesilia. Mtu akilima shamba hudhani amefukua mnyoo. Walakini mnyama huyo ana uti wa mgongo, ana taya na meno, na ni ndugu wa mbali wa chura. Arthur Loveridge, ambaye mwaka 1914 alikuja Nairobi kuwa mtunzaji wa jumba la makumbusho, ndiye aliyemweleza sesilia wa Taita mwaka 1935. Mwaka 2006 wachunguzi walitangaza jambo la ajabu juu yake: mama huotesha ngozi nene yenye lishe, na watoto wake huila ngozi hiyo kama watoto wengine wanyonyavyo maziwa. Na katika kilima cha Sagalla, karibu na hapo, aina nyingine ilipewa jina mwaka 2005 na wataalamu wanne, na mmoja wao, Patrick Malonza, ni Mkenya. Nilisoma habari hizo nikaona uchungu kidogo. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa Kenya mnyama wa Ulaya, nisiwafundishe yule aliye mwendo wa saa chache kutoka kwao.

Jambo moja lilinipa faraja, nami sikufichi. Nilipokuwa nikisoma nikakutana na jina la Carl Linnaeus, yule Mswidi ambaye mwaka 1758 alitoa chapa ya kumi ya kitabu chake kikubwa cha kuvipanga viumbe, ambacho ndicho mwanzo wa majina ya kitaalamu ya wanyama yanayotumika hadi leo. Mtu huyu alimweka wapi nyuti? Alimweka pamoja na mijusi! Alimwita Lacerta vulgaris, na Lacerta ni mjusi kwa Kilatini. Bwana mkubwa wa kuwapa wanyama majina alikuwa amekosea kama mwalimu mdogo wa Machakos, ila yeye alimfanya nyuti kuwa mjusi, nami nikamfanya mjusi kuwa nyuti. Karibu na mwaka 1800 Mfaransa Alexandre Brongniart aliwatenga vyura na salamanda na watambaazi wengine, na wataalamu waliomfuata wakaliimarisha jambo hilo. Kitabu cha Linnaeus hakikutupwa kwa sababu ya kosa hilo. Kilisahihishwa. Hapo nikafahamu kwamba elimu haikujengwa na watu wasiokosea, bali imejengwa na watu waliokubali kutazama tena.

Lakini faraja hiyo isingalikuwa na maana kama ningaliiweka moyoni mwangu tu. Jumatatu iliyofuata niliingia darasani na chupa ya spiriti mkononi. Nilikuwa na hofu, maana mwalimu hupenda kuheshimiwa, na niliwaza kwamba nikikiri kosa watoto watanidharau. Nikafuta ubao. Nikasema, "Wanangu, fungueni madaftari yenu pale mlipoandika nyuti. Jina hilo si la kweli. Mimi ndimi niliyekosea." Kisha nikamgeukia yule msichana, nikamwambia mbele ya wote, "Uliuliza swali la haki, nami nikakunyamazisha. Kama ningalikusikiliza, mnyama huyu angalikuwa hai. Nakuomba radhi."

Darasa lilinyamaza kimya. Msichana akasimama, akatazama meza yake, akasema polepole, "Mwalimu, mimi nilifikiri tungemrudisha tu shambani." Akaketi. Hayo ndiyo maneno yote aliyosema. Sikuwahi kupata karipio zito kama hilo, wala lenye adabu zaidi.

Nikawapitishia chupa na kioo cha kukuzia, nikawaambia wasiniulize jina, bali waniambie wanachokiona. Magamba wakayaona, na kucha, na tundu la sikio. Mvulana mmoja, aliyekuwa wa kwanza kuinua jembe, akauliza, "Kwa nini basi si nyoka?" Nikafurahi kwa swali hilo, nikamwambia atazame mwenyewe. Akaona miguu, kisha akaona kope za macho. Maana mjusi huyu huweza kufumba macho yake, na nyoka hana kope, hawezi kufumba kamwe. Siku hiyo hapakuwa na mtoto aliyenidharau. Kinyume chake, mikono iliyoinuliwa ilikuwa mingi kuliko siku yoyote iliyopita.

Susu naye aliitwa aje aone. Akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Ikiwa hula mchwa, basi tumeua wengi bure." Lakini nami sikumwambia kwamba hofu yake ilikuwa ya kipumbavu, kwa kuwa haikuwa. Ukambani kuna kifutu alalaye kimya kama kuni iliyoanguka, na kuna swila. Mtu akiwaonya watoto wasiguse wasichokijua, anawaonya kwa haki. Kwa hiyo nikaweka amri katika bustani yetu, nayo yakufaa hata wewe: mnyama usiyemjua usimguse kwa mkono, wala usimpige kwa jembe. Simama mbali, tazama, mwite mkubwa. Kutoua si kushika, na kutogusa si kuua.

Mwaka uliofuata, katika vuli ya 2019, mvua ilinyesha kwa wingi sana. Msichana yule alikuwa sasa darasa la saba. Siku moja alikuja mbio ofisini akaniambia, "Mwalimu, njoo bustanini." Nikaenda. Chini ya rundo la majani makavu alikuwako mwingine, kahawia, aking'aa, akijinyonga. Watoto walikuwa wamemzunguka kwa mbali, na hapakuwa na jembe lililoinuliwa. Nilifungua kinywa nipate kusema, kisha nikakifunga. Nikamwuliza yeye, "Unaona nini?"

Akahesabu alama moja baada ya moja, bila haraka, huku wadogo zake wa darasa la tano wakimsikiliza. Alipokwisha akauliza mwenyewe, "Tumfanyeje?" nao wakajibu, "Mwacheni." Basi tukayarudisha majani mahali pake, tukaondoka.

Chupa ya spiriti ingali juu ya meza yangu hadi leo. Wageni huniuliza ni mnyama gani, nami huwapa kioo cha kukuzia kwanza. Nawe, msomaji, utakwenda mbali kuliko nilivyokwenda mimi. Utasoma vitabu vikubwa, na siku moja watoto watakuuliza majina ya vitu. Vipende vitabu, maana bila kitabu nisingalijua mjusi wangu ni nani. Lakini kila kitabu kiulize kiliandikwa wapi, tena kwa habari za nchi gani, kisha ukiweke kando ya kitu chenyewe, utazame vyote viwili. Na ikitokea kwamba hujui, sema, "Sijui, tutazame pamoja." Nilichelewa kujifunza maneno hayo, na yule mjusi wa chini ya gogo ndiye aliyelipa karo yangu.